Kutoka Herufi hadi Picha: Programu za Ofisi na Msomaji Asiyeona
Historia ya visomaji skrini ni historia ya matini. Katika mfumo wa DOS, kumbukumbu ya skrini ilihifadhi herufi zenyewe. Screen Reader ya IBM, iliyotoka miaka ya 1980, ilizichukua na kuzitamka. Mifumo ya madirisha ilipoenea, herufi ziligeuka michoro, na asiyeona akaachwa nje. Ufumbuzi ulikuwa wa kiisimu: kila kitufe, menyu na jedwali vipewe jina na dhima. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa Active Accessibility kwa lengo hilo.

Hata hivyo, jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipochagua muundo huria wa OpenDocument mwaka 2005, watetezi wa wasioona walipinga, kwani programu zilizoutumia hazikuafikiana vyema na visomaji vyao. Toleo la 1.1 la mwaka 2007 likaongezewa vipengele vya ufikivu.

Funzo kwetu ni bayana: uwazi wa faili si hakikisho la usomekaji wake. Waraka wa Kiswahili uliotiwa alama ya Kiingereza hutamkwa Kiingereza, na msomaji huambulia kelele. Kwa hiyo, kutia alama ya lugha na mitindo ya vichwa ni sehemu ya uandishi wenyewe.