Nani Aliamua Kwamba Mpagazi Anaumwa?

Kabla ya reli na kabla ya lami, njia ya kati ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora, ilivuka mbuga za Mto Mkata kisha ikapanda milima ya Usagara, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Kilosa. Sehemu ya mbuga hizo sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964. Wakati wa masika maji hutuama pale na ardhi huwa tope tupu, na katika karne ya 19 wapagazi wengi walishikwa hapo na homa na kuhara damu, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani. Swali tunalowauliza leo marubani na wahudumu wa ndege lilikuwa tayari limeulizwa katika tope hilo: anayefanya kazi ya safari akiugua, nani mwenye neno la mwisho kwamba hawezi kazi? Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, watu wa njia hii waliujua ugonjwa vizuri. Kilichowaangusha ni kwamba uamuzi uliachwa mikononi mwa wale ambao wangepata hasara safari ikisimama.

Tazama alichokiandika msafiri Henry Morton Stanley kuhusu kuvuka Mkata mwaka 1871. Anasema wazi, bila haya, kwamba matope na mvua vilipowamaliza nguvu wale aliowaona wavivu, mjeledi wa mbwa mgongoni uliwarudishia uchangamfu. Muda si mrefu yeye mwenyewe alikamatwa na kuhara damu, na msafara ulipofika Rehenneko, chini ya milima, ukapumzika siku kadhaa. Mbuga ni ile ile na maji ni yale yale, lakini unyonge wa mpagazi uliitwa uvivu, na wa bwana ukaitwa ugonjwa. Stanley hakuwa na kipimo chochote cha kutofautisha hayo mawili. Alikuwa na haraka, na haraka ikawa ndiyo daktari.

Wapagazi wenyewe walikuwa na utaratibu bora kuliko huo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Usagara mwaka 1857, alikutana na msafara ulioshambuliwa na ndui na kupoteza watu wapatao 50. Anaeleza kwamba karibu na kila kambi aliona vibanda vilivyojengwa kando, na viongozi wa njia wakamwambia ni vya waliopatwa na maradhi hayo. Hiyo ni karantini, na haikuamriwa na serikali yoyote. Lakini Burton anaeleza pia kwamba wagonjwa hawakuthubutu kuiacha njia, kwa kuwa aliyeanguka hakuwa na wa kumrudia, wala kijiji cha kumpokea. Baadhi ya watu wake walioambukizwa walitoweka vichakani wasionekane tena. Kibanda cha kando kiliwakinga wazima. Hakikumpa mgonjwa chakula cha kesho wala ujira wa safari asiyoimaliza. Basi aliyeweza kusimama alisimama, akajitwika mzigo.

Najua jibu la wakuu wa misafara: wapagazi walitegea, na wengine walitoroka na mizigo. Ni kweli, utoro ulikuwepo. Lakini anayetoroka hahitaji kujisingizia homa, na vitabu vya wasafiri hao hao vinaonyesha watu wakitembea hadi wafe kuliko watu waliolala bure kambini. Lipo pingamizi zito zaidi, nalo ni la Robert Moffat, jamaa ya mmisionari David Livingstone kwa upande wa mke, aliyejiunga na safari ya Verney Lovett Cameron mwaka 1873. Hakuchapwa na mtu, wala hakuwa akitafuta posho. Alikuwa akiwafuata wenzake waliokuwa wakimsubiri Rehenneko, akafa kwa homa kabla hajawafikia. Kifo chake kinanilazimu kuipanua hoja: ari nayo hufanya kazi ya njaa. Mwenye kiu ya kufika si hakimu mwema wa homa yake, kama asivyokuwa hakimu mwema mwenye mali.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuza kosa hilo hilo. Majeshi ya Jenerali Van Deventer, upande wa Waingereza, yaliingia Kilosa Agosti 1916 yakitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, na kufikia mwisho wa vita wapagazi waliokufa upande huo wanakadiriwa kuwa karibu laki moja, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi.

Leo ndege ndogo hutua katika uwanja wa Kikoboga, Mikumi, na mtu anaweza kuniambia kwamba rubani si mpagazi: ana leseni, ana cheti cha afya, hupimwa kwa vipindi. Lakini cheti cha miezi iliyopita hakijui mafua ya asubuhi hii, ambayo huziba masikio na kuleta maumivu makali ndege inaposhuka, wala hakijui dawa ya mafua inayoleta usingizi. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinamtaka rubani ajizuie mwenyewe anapojua afya yake imepungua. Kanuni ni nzuri, ila inamrudisha kwenye mizani ya Moffat. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, aliyekuwa amepewa ED, yaani cheti cha kupumzika kazini kwa ugonjwa, na daktari akaificha, aliiangusha ndege makusudi katika milima ya Alps, wakafa watu wote 150. Wachunguzi wa Ufaransa walitaja hofu ya kupoteza haki ya kurusha ndege miongoni mwa sababu za ukimya wake, wakashauri hasara ya kipato kwa rubani asiyefaa kiafya ipunguzwe.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miaka mitatu, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Anayetegemea posho ya kila safari, awe angani au kwenye lori linalokatiza Mikumi usiku, bado hupoteza sehemu kubwa ya pato lake akibaki nyumbani. Waajiri na Mamlaka ya Usafiri wa Anga waihesabu posho hiyo katika malipo ya ugonjwa, na ED ya daktari isihojiwe na mwenye ratiba ya safari.