Tovuti hupata wapi fedha za kujiendesha?

MSAFIRI anayesubiri treni ya SGR katika stesheni ya Miritini, Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, huweza kusoma habari za dunia nzima kwenye simu yake bila kulipa ila gharama ya intaneti. Hata hivyo, mwandishi, mhariri na mitambo inayohifadhi habari hizo hugharimu fedha. Mkono mtupu haulambwi.

Njia iliyozoeleka ni matangazo ya biashara. Hoteli au benki hununua nafasi moja kwa moja, au mwenye tovuti hujiunga na mpango kama AdSense, ulioanzishwa na kampuni ya Google mwaka 2003. Google hutafuta wenye matangazo, hutwaa sehemu yake na kumpa mwenye tovuti inayosalia. Kwa kuwa malipo hufuata idadi ya wanaotazama au kubofya, habari ya mifereji iliyokauka Miritini huingiza kidogo kuliko uvumi kuhusu mwanamuziki maarufu.

Njia ya pili ni michango. Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001 na ambayo ina toleo la Kiswahili, haina matangazo. Hutegemea hasa fedha za wasomaji. Mwaka 2002, baadhi ya waandishi wa toleo la Kihispania walijitenga kwa kuhofia kwamba matangazo yangeingizwa.

Tatu ni ada ya usomaji. Shirika la Nation Media Group lilianza kuwatoza wasomaji wa tovuti ya Nation.Africa mwaka 2021. M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2007, humwezesha Mkenya kulipa kiasi kidogo bila kadi ya benki.

Aidha, zipo makala zinazolipiwa na kampuni. Hizi hazina budi kutambulishwa hivyo, la sivyo msomaji huuziwa tangazo akidhani ni habari.

Serikali nazo zina mkono wao. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni kwa zaidi ya Sh2 milioni za nchi hiyo. Nchini Kenya, sheria ya fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwa malipo ya wanaotunga maudhui ya mtandaoni.

Basi, kabla ya kuiamini tovuti, msomaji na aulize: ni nani anayeilipia? Asipolipa yeye, yuko mwingine anayelipa, naye ana lake analolitaka.