Dhahabu ya Tabora na Manowari ya Rufiji

Dhahabu ni kitu kimoja au ni mchanganyiko? Kwa mwanakemia, dhahabu ni elementi: hata ukiiyeyusha mara mia, haigawanyiki ikawa vitu viwili. Lakini dhahabu inayopita mikononi mwa watu ni nadra kuwa tupu, na sababu zake tunaweza kuzifuata tangu kwenye mikoko ya delta ya Rufiji.

Septemba 20, 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar. Baadaye mitambo ya Königsberg iliharibika, ikajificha katika delta, ambayo leo imo Wilaya ya Kibiti. Vipuri vilikokotwa na watu kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha kuiziba milango ya mto, na Julai 11, 1915 mizinga ya manowari zao Severn na Mersey ikaimaliza.

Pwani ilipofungwa, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilichapa noti, lakini askari na wapagazi walitaka fedha inayolia ikigongwa mezani. Ndiyo maana mwaka 1916 sarafu zilianza kutengenezwa Tabora. Sarafu ndogo za heller 20 baadhi zilikuwa za shaba, nyingine za shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Wapo wanaosema shaba hiyo ilitokana na maganda ya mizinga ya Königsberg. Huenda baadhi yake. Mimi naona mafundi waliobanwa na shida kiasi kile waliyeyusha chochote kilichowafikia.

Miongoni mwa sarafu hizo za Tabora, ile ya dhahabu ya rupia 15 ndiyo inayotufundisha zaidi. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja ameonyeshwa tembo, na mlima nyuma yake. Ina uzito wa gramu 7.17 hivi, lakini dhahabu ni sehemu 750 tu katika 1,000, takribani gramu 5.4. Masonara huiita dhahabu ya karati 18, kwa kuwa dhahabu tupu huhesabiwa karati 24.

Kwa nini ilichanganywa? Jibu la kawaida ni kwamba dhahabu tupu ni laini, hukwaruzika na kulika upesi. Ni kweli, ila halitoshi: sarafu za dhahabu za Ujerumani wenyewe zilikuwa na sehemu 900, na zilikuwa ngumu vya kutosha. Maelezo ya pili naona yana nguvu zaidi. Dhahabu ya mwambani kwa kawaida huja na madini ya fedha ndani yake, kuitenga kunahitaji asidi na vifaa, na nchi iliyozingirwa ilikuwa na uhaba wa kila kitu.

Sarafu hizo za rupia 15 ziligongwa zaidi ya 16,000. Septemba 19, 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikakoma.