Inda: Uovu Usiotafuta Faida

Mwanafunzi wa Ngara, mkoani Kagera, akiulizwa kwa nini mhusika mwovu wa utenzi anatenda ubaya, jibu jepesi ni wivu. Kuna waovu ambao jibu hilo haliwatoshi. Kwao napendekeza istilahi ambayo Kiswahili kinayo tayari: inda.

Inda ni kumfanyia mwenzako ubaya ili aumie tu, hata kama wewe huambulii kitu. Tuitenge na jirani zake. Mwenye wivu anatamani cha mwingine, au anachelea kupokonywa chake. Hasidi anataka neema imtoke mwenzake. Mlipa kisasi ametendwa kwanza. Mwenye inda, kwa maana ninayoipendekeza, amekwisha kupoteza. Kitulizo chake ni kuona wengine nao wakipoteza.

Tupime. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, mfalme wa Pate anamwinda shujaa Liyongo kwa kukihofia kiti chake. Mwana wa Liyongo anamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, akitumaini kuozwa binti wa mfalme. Hofu na tamaa: kila mmoja anatarajia kupata. Hapo hapana inda.

Iblisi ni tofauti. Kiburi kilimwangusha, lakini baada ya laana hakuomba kusamehewa. Aliomba muda hadi Kiyama ili awapoteze wanadamu, na kila anayempoteza hampunguzii moto hata cheche moja. Shetani wa John Milton katika Paradise Lost, iliyochapishwa 1667, ana moyo huohuo. Methali "kifo cha wengi harusi" humfariji aliyekwisha kufikwa. Mwenye inda huigeuza, akautafuta msiba wa wengi ili apate harusi yake.

Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza cha Ngara, kina neno ishari, yaani wivu. Lisichanganywe na shari ya Kiswahili, wala lisibebeshwe maana ya inda.

Mtafiti M. M. Mulokozi alichunguza tenzi za Wahaya zinazoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi, mkoani humuhumu Kagera, akaonyesha kwamba utendi haukuzaliwa pwani peke yake. Basi mwalimu wa Ngara au Biharamulo, wewe na wanafunzi wako waulizeni wazee masimulizi ya Wahangaza, Washubi na Wasubi. Kwa kila mwovu mtakayemkuta, swali liwe moja: akishinda, atapata nini? Jibu likiwa ni wenzake wa kuungua naye tu, andikeni: inda.