Uchanganuzi wa saini (elektroniki)

Uchanganuzi wa saini ni njia ya kutafuta hitilafu katika saketi za kidijiti kwa kulinganisha namba fupi, inayoitwa saini, na namba iliyopatikana kwenye bodi nzima ya aina ileile. Kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani iliitambulisha mwaka 1977 pamoja na kifaa chake 5004A. Leo njia hii inatumiwa hasa na mafundi wanaofufua bodi za michezo ya video ya sarafu, kama vile Asteroids (1979) na Missile Command (1980) za Atari.

Jinsi inavyofanya kazi

Oskiloskopu huonyesha kwamba waya una mapigo ya umeme, lakini haisemi kama mapigo hayo ndiyo yanayotakiwa. Waya wa data wenye kosa moja kati ya maelfu unafanana kabisa na ulio mzima.

Kichanganuzi husoma waya huo kila saa ya saketi inapopiga, kuanzia alama ya kuanza hadi alama ya kukoma, na kupitisha sifuri na moja zote katika rejista ya biti 16. Mabaki yake huonyeshwa kwa herufi na tarakimu nne. Tarakimu 0 hadi 9 zinatumika zote, lakini herufi ni A, C, F, H, P na U tu, kwa sababu zinasomeka bila utata kwenye kioo cha vipande saba. B kubwa, kwa mfano, ingefanana na 8.

Saini haina maana yenyewe. Iliyokosewa kidogo haifanani na ile sahihi, wala haionyeshi ukubwa wa kosa. Bila jedwali la saini sahihi, au bodi nzima ya kulinganishia, kifaa hakisaidii kitu.

Katika ukarabati

Kwanza hupimwa umeme wa volti 5 na kusafishwa viunganishi, maana bodi nyingi zinazodhaniwa kuwa zimekufa zina kutu tu. Kisha prosesa hutenganishwa na njia ya data na kulishwa amri moja isiyofanya kitu: EA kwa prosesa ya 6502, 00 kwa Z80. Hapo huhesabu anwani zote 65,536 na kurudia bila kukoma, hata kama programu ya mchezo imeharibika. Bodi za Atari zina pia saketi ya ulinzi inayoanzisha upya prosesa ikikosa kupata ishara. Fundi asiyeizima kwanza atapata saini zisizotulia.

Fundi hufuata waya kinyumenyume mpaka aikute chipu ambayo saini zake za kuingia ni sahihi na ya kutoka ni mbaya. Hata hivyo asiikimbilie na chuma cha kulehemu. Waya mmoja wa data hugusa chipu kadhaa, na yeyote kati ya hizo anaweza kuuvuta chini, hivyo inayoonekana mbovu huenda haina kosa. Joto la kuing'oa hubandua njia za shaba, na baadhi ya chipu hizo hazitengenezwi tena.

Kumbukumbu za RAM hazipimwi vizuri hivyo, kwa kuwa yaliyomo hayarudii mpangilio mmoja. Kazi hiyo hufanywa na Fluke 9010A ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo huchomekwa kwenye soketi ya prosesa na kuandika na kusoma RAM yenyewe. Kila aina ya prosesa huhitaji kichwa chake: cha Z80 kwa Pac-Man, cha 6502 kwa Asteroids. Atari nayo ilikuwa na kifaa chake, CAT Box, kilichochanganua saini pia.

Vifaa hivi sasa ni vizee kama bodi zenyewe. Kapasita zake za elektroliti hukauka, kwa hiyo kichanganuzi hujaribiwa kwanza kwenye bodi inayojulikana kuwa nzima.