Malimbuko ya Kibanja: Utoaji wa Wakristo wa Buhaya

Utoaji wa Kikristo Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani Kagera, ulianzia kibanjani. Kuanzia Ijuganyondo, kata ya Manispaa ya Bukoba, hadi vijiji vya Muleba, kibanja ndilo shamba la nyumbani: migomba, mibuni chini yake, maharage katikati ya mashina. Wakristo wa kwanza hawakuwa na fedha nyingi. Walichokuwa nacho ni mkungu wa ndizi, nao wakaubeba kichwani kwenda kanisani.

Kutoa hakukuwa jambo geni. Mgeni alipewa kahawa ya kutafuna. Waliofanya omukago, yaani udugu wa kuchanjiana, waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akimeza iliyopakwa damu ya mwenzake. Lakini palikuwa na utoaji mwingine, mchungu. Chini ya nyarubanja, mfumo wa zamani wa upangaji wa ardhi, mtwarwa, yaani mpangaji, alimpelekea mwenye ardhi sehemu ya mazao na pombe ya rubisi, na asipopeleka aliweza kupoteza kibanja. Mfumo huo uliendelea hadi ulipofutwa kisheria katika miaka ya 1960.

Kwa hiyo neno zaka lingeweza kusikika kama kodi nyingine. Maandiko yenyewe yanaondoa hofu hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, mkulima anayeleta kikapu cha malimbuko anasimulia jinsi Mungu alivyowatoa baba zake utumwani. Anatoa kama mtu huru mwenye shukrani. Zaburi ya 24 inasema nchi ni mali ya Bwana, basi mkama, mfalme wa Wahaya, naye ni mpangaji tu. Paulo, akiwaandikia Wakorintho kwa mara ya pili, anakataa sadaka ya kulazimishwa.

Mafundisho hayo yalipimwa na vita. Wamisionari Wakatoliki wa White Fathers walikuwa wameanza kazi Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Kwa upande wa Waprotestanti, Injili ililetwa kutoka Uganda na Wahaya wenyewe, akiwemo Andrea Kajerero, kabla ya wamisionari wa Bethel kufika kutoka Ujerumani mwaka 1910. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa Wajerumani, na waumini wakabaki kulishika kanisa wenyewe. Wajerumani walirudi baadaye, na Vita vya Pili vilipowaondoa tena, Waswidi walikuja kusaidia. Bengt Sundkler alihudumu huko kuanzia 1942, na mwaka 1961 akawa askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Buhaya. Mwaka 1964 alifuatwa na Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kanisa lililowahi kukatiwa msaada mara mbili lilikuwa limejifunza kuutazama mkungu wake kwa jicho jingine.

Uamsho wa walokole, uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, uliongeza jambo zito. Aliyeokoka alitubu hadharani, kisha akarudisha alichoiba, kama Zakayo alivyofanya katika Luka 19. Sadaka ya mali ya wizi haikuhesabiwa kuwa sadaka.

Sura ya utoaji wa kibanjani inaonekana vizuri zaidi kwenye mnada baada ya ibada. Kuku amefungwa miguu, debe la maharage liko chini, na kwenye kiganja cha mzee wa kanisa kuna yai moja. Yai linatajiwa bei, linapanda, linanunuliwa. Mnunuzi analirudisha linadiwe upya, na mwisho anapewa bibi kizee au mgeni. Yai hilo limeingiza fedha zaidi ya mara moja, na aliyelileta huenda hakuwa na kingine, kama mjane wa Marko 12. Bahasha za ahadi, zenye jina la msharika, hurahisisha hesabu za usharika, lakini mnada hufundisha zaidi, kwa sababu mtoto anaona kitu kikitoka shambani kwao na kugeuka furaha ya watu wote.

Zaka ni fungu moja tu kati ya kumi. Neno uwakili linagusa yote kumi. Wakili hutunza mali ya mwingine, na Paulo katika 1 Wakorintho 4 anasema kinachotakiwa kwake ni uaminifu. Kagera, uaminifu huo hujaribiwa na butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya chini mno, ili alipe ada au matibabu. Serikali imepiga marufuku butura na vyama vya ushirika vimepambana nayo, lakini shida hazisubiri msimu. Aliyekwisha kuuza kwa butura hufika mavuno akiwa mikono mitupu, anachuma kahawa ya mtu mwingine katika kibanja chake mwenyewe. Kwa mkulima huyo, usharika unaomkopesha ada ya mtoto mwezi Januari umefundisha uwakili kuliko unaomsubiri na kapu la sadaka mwezi Julai.