Hodhi ya Kioo na Samaki wa Mferejini

Mnamo mwezi wa Mei mwaka 1849, katika jumba la Chama cha Watengenezaji Dawa mjini London, mkemia mmoja aitwaye Robert Warington alitwaa chombo cha kioo chenye nafasi ya galoni 12, akakitia maji ya chemchemi kadiri ya nusu, akatandaza mchanga na tope chini yake, akapanda mche mmoja wa valisineria, kisha akaingiza samaki wawili wadogo wa dhahabu. Hakuwa akitafuta pambo la sebule. Alitaka kujua kama mmea na mnyama waweza kukaa pamoja katika maji yasiyobadilishwa, kila mmoja akimpa mwenziwe kile anachokihitaji ili aishi.

Kufuga samaki ndani ya bakuli lilikuwa jambo la zamani hata wakati huo, lakini samaki wa bakuli aliishi kwa hisani ya mtumishi. Siku maji yaliposahauliwa, samaki alielea tumbo juu. Elimu ya kumwokoa ilikuwa imekwisha kupatikana vipande vipande. Joseph Priestley alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1770 kwamba kijiti cha mnanaa huweza kuitengeneza tena hewa iliyoharibiwa na mshumaa, na mwaka 1779 Jan Ingenhousz akathibitisha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani za mmea, tena penye mwanga wa jua. Baadaye daktari wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwamba kangaga huweza kumea miaka mingi ndani ya sanduku la kioo lililozibwa. Warington aliitoa habari hii hewani akaipeleka majini.

Mwanzoni mambo yalikwenda vyema. Halafu majani makuukuu ya valisineria yakaanza kuoza, maji yakafanya ukungu, na utando wa kijani ukaenea juu ya kioo. Mtu mwenye haraka angalimwaga maji na kuanza upya. Warington akajiuliza ni nani afanyaye usafi katika kidimbwi ambacho hakuna mtu akisafishaye, naye akapata jibu lililokuwa limejificha kwa udogo wake: konokono. Akaingiza konokono watano au sita wa vidimbwini. Wakala majani yaliyooza, wakalamba utando, maji yakatakata. Na mayai yao nayo yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 aliwasomea habari hiyo wakemia wenziwe. Aghalabu wasimulizi humsifu kwa ajili ya mmea na samaki, lakini kwa hakika wawili hao walikuwa wamekwisha kutajwa na wengine. Aliyekamilisha hesabu ni konokono, mla uchafu.

Jaribio kama hilo lisingaliweza kuenea majumbani kama kioo kingalibaki ghali. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeondoa kodi ya kioo mwaka 1845, na bei ikashuka. Mwaka 1853 Bustani ya Wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapa kitabu chake juu ya viumbe wa baharini, na watu wa tabaka la kati wakashikwa na wazimu wa mahodhi. Wazimu huo haukudumu. J. G. Wood, mwandishi wa elimu ya viumbe, aliandika mwaka 1868 kwamba mahodhi tisa katika kila kumi yalikuwa yameachwa. Si ajabu. Maji ya bahari yalipaswa kusafirishwa kwa gari la moshi, viumbe wake walikufa upesi, na uvundo wa ua-bahari aliyekufa sebuleni humtoa mtu katika elimu mapema sana.

Lakini palikuwa na samaki mwingine, asiye na bei wala sifa. Katika mifereji ya Uingereza, Uholanzi na Ujerumani huishi samaki mdogo, urefu wake kama kidole, mwenye miiba mitatu mgongoni. Watoto humvua kwa kijiti na uzi. Warington mwenyewe alimweka katika hodhi zake, na katika miaka ya 1850 akachapa maelezo ya mambo aliyomwona akiyafanya. Na yanafaa kuelezwa, kwa kuwa hayaonekani katika maji ya tope ya mferejini.

Majira ya kuchipua yafikapo, tumbo la dume huwa jekundu na macho yake hung'aa buluu. Hujichagulia kipande cha sakafu na kumfukuza kila dume mwingine akaribiaye. Huchimba shimo kwa mdomo, akibeba mchanga funda kwa funda. Hukusanya nyuzi za mimea, huzishindilia shimoni, na kuzigandisha kwa utomvu utokao katika figo zake. Kisha hujipenyeza ndani mpaka kiota kipate njia. Jike mwenye mayai atokeapo, dume humwendea kwa kucheza upande huu na upande huu, na kumwongoza mpaka mlangoni. Jike akiisha kutaga huenda zake. Tangu hapo ulezi wote ni wa baba: huyapepea mayai kwa mapezi ili yapate maji mapya, na vitoto vikitoka huvilinda siku za kwanza, akikidaka kwa mdomo kile kinachopotea na kukirudisha kiotani. Hodhi isiyo na mimea haiwezi kuonyesha hata nusu ya haya, maana mimea ndiyo matofali ya nyumba yake.

Katika Ujerumani jambo hili lilipata mtetezi wa namna yake. Emil Adolf Rossmässler alipoteza kiti chake cha uprofesa baada ya kushiriki katika Bunge la Frankfurt la mwaka 1848, akageuka mwalimu wa umma kwa kalamu. Mwaka 1856 aliandika katika gazeti lililosomwa majumbani makala juu ya ziwa lililomo ndani ya kioo, na mwaka 1857 akatoa kitabu kizima juu ya hodhi ya maji baridi. Fundi au karani asiyeweza kwenda pwani aliweza kushuka mtoni kwake na kurudi na mimea, konokono na samaki. Mtu aliyefukuzwa darasani kwa siasa alikuwa amepata darasa lisiloweza kufungwa na waziri.

Matunda makubwa yalikuja baadaye, Uholanzi. Niko Tinbergen, aliyezaliwa The Hague mwaka 1907, alikuwa na hodhi mbili uani kwao alipokuwa mtoto, na kila mwaka aliwatazama samaki wa miiba mitatu wakijenga viota. Alipokuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Leiden miaka ya 1930 aliwarudia samaki walewale. Yeye na wanafunzi wake waliwaonyesha madume vinyago vibovu, visivyofanana na samaki ila kwa wekundu wa tumbo, na madume wakavishambulia. Inasimuliwa hata kwamba walilikasirikia gari jekundu la posta lililopita mbele ya dirisha. Majaribio ya watu wengine baadaye hayakutoa jibu hilohilo kila mara, na mwanafunzi wa leo hana budi kulijua hilo. Hata hivyo namna ya kumwuliza mnyama swali ilikuwa imepatikana, na mwaka 1973 Tinbergen akashiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Konrad Lorenz.

Leiden hiyohiyo ndiyo inayoifikisha habari hii Mwanza. Mwaka 1977 wataalamu wa chuo hicho, Frans Witte miongoni mwao, walianza kuwachunguza furu wa Ziwa Victoria. Furu alikuwa samaki wa mferejini wa ziwa hilo, kwa maana ya kudharauliwa. Alikaushwa akaliwa na maskini, alitungwa kwenye ndoana kuwa chambo, na katika miaka ya 1970 palijengwa Mwanza kiwanda cha kumsaga awe chakula cha kuku. Ilhali wakati huo furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani, na jina hilo moja lilifunika mamia ya aina: wala konokono, wala mwani, wala samaki wenzao, hata wanyang'anyi wa mayai na vitoto kutoka vinywani mwa mama, maana furu jike huatamia mdomoni.

Kabla kazi ya kuwatambua haijafika mbali, sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, aliongezeka ghafula. Katika miaka ya 1980 nyavu za watafiti katika Ghuba ya Mwanza zilipandishwa na sangara mahali palipokuwa na furu. Aina zipatazo 200 zilidhaniwa kuwa zimetoweka. Aina kadhaa zilibaki hai katika hodhi za watafiti, za bustani za wanyama, na za wafugaji wa nyumbani huko Ulaya na Marekani. Mimea haikukosekana kwao: seratofila, jani laini linaloelea katika vidimbwi vya Uingereza, humea vilevile katika ghuba za Ziwa Victoria. Waliokosekana mbele ya vioo hivyo ni watoto wa Mwanza, Kisumu na Jinja, ambao kwao furu ndiye samaki wa kijiti na uzi.

Mwaka 1985 furu mmoja wa majabalini, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu, alipewa jina la kitaalamu kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na mwaka 1998 akaingizwa katika jenasi iitwayo Pundamilia. Kwa jina hilo la Kiswahili anauzwa leo katika maduka ya samaki wa mapambo ng'ambo.

Sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu wa maji ya wazi walianza kuonekana tena katika miaka ya 1990. Witte na wenziwe walipowapima wale wenye vichwa vyekundu, wakiwalinganisha na waliohifadhiwa ndani ya chupa za spiriti tangu kabla ya msiba, waliona kwamba matamvua yao yamekuwa makubwa zaidi na macho yao yamekuwa madogo. Ziwa walilorudia lilikuwa na oksijeni kidogo zaidi na maji yenye giza.